Gugu karoti: namna ya kulizuia lisitoke uani kwako likafika msituni

Mvua zikianza tu, maswali huwa yale yale. Hili ni gugu karoti au giligilani iliyojiotea? Nifyeke au ning'oe? Nikilichoma inatosha? Mbona nilipalilia vizuri, na mwezi haujaisha limerudi limejaa kuliko mwanzo? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, mwongozo ni huu. Ni kwa mwenye bustani nyuma ya nyumba, mwenye shamba la ekari mbili tatu, na hasa yule ambaye eneo lake linapakana na msitu, korongo au hifadhi. Si lazima uwe umesomea mimea. Unachohitaji ni macho, glovu na kalenda.

Nitazungumzia zaidi Arusha na majirani zake, kwa kuwa huko ndiko gugu hili lilikoanza kujulikana Tanzania karibu na mwaka 2010, barabarani na kwenye viwanja vya wazi kwanza, kisha mashambani. Kenya walishalijua kabla, kwenye mashamba ya kahawa, na leo liko hadi Maasai Mara, ambako hatua chache mbele ni Serengeti. Kwao hasa ni Amerika ya kitropiki, tangu Mexico hadi Argentina. Wataalamu huliita Parthenium hysterophorus, na jina hilo lishike, kwa sababu ukimwambia mtu wa mimea "gugu karoti" pengine atafikiri jingine.

Nadharia nitakayokupa ni hii tu. Mche ukiota leo, unaweza kuwa na maua baada ya wiki nne. Mmea mmoja ulioshiba hutoa mbegu kwa maelfu, hata zaidi ya 15,000. Mbegu zilizofukiwa udongoni hukaa hai miaka kadhaa zikisubiri jembe lizirudishe juu. Kwa hiyo mzunguko wako wa kazi ni wiki tatu. Ukipitia eneo kila wiki tatu, hakuna mche utakaowahi kukupa mbegu. Ukipitia kila mwezi na nusu, unafanya mazoezi ya mwili tu.

Hakikisha kwanza ni lenyewe

Mche mchanga hulala chini, majani yametandazwa duara juu ya udongo, yamechanika-chanika kama ya karoti, rangi ya kijani iliyofifia kidogo, na ukiyapapasa unasikia vinyweleo laini. Katika umri huu wengi huliacha wakidhani ni mboga. Baadaye huinua shina moja lenye mifereji wima, ambalo hugawanyika matawi mengi juu. Likipata maji na mbolea hufika kiuno cha mtu mzima, na mara nyingine hupita kimo chake.

Ua ndilo linalomaliza ubishi. Ni jeupe, dogo, upana wake milimita nne hivi. Lishike karibu na jicho: utaona duara dogo lenye pembe tano, na kwenye kila pembe kijipetali kimoja kifupi. Liponde kwenye kiganja kilichovaa glovu likiwa limekauka, utapata mbegu nyeusi zisizozidi tano, ndogo, bapa, kila moja ikiwa na viganda viwili vyepesi pembeni. Hivyo viganda ndivyo vinavyozielesha kwenye maji na kuzinasa kwenye tope. Mbegu tano kwa ua si nyingi, ila maua yenyewe hayahesabiki.

Yanayochanganywa nalo mara nyingi ni haya. Kishonanguo kina mbegu ndefu kama sindano zinazong'ang'ania suruali, na katikati ya ua lake ni njano. Bangi mwitu ukiisugua inatoa harufu kali. Pakanga nayo ina harufu yake ambayo mtu akiijua haisahau. Gugu karoti halina harufu ya kukuambia chochote. Ukiwa na wasiwasi, usilionje. Piga picha tatu, ya jani, ya shina na ya ua, umpelekee afisa ugani wa kata.

Vitu vya kuandaa

- Glovu za mpira au za ngozi. Za kitambaa hupitisha utomvu.
- Shati la mikono mirefu, suruali ndefu, gambuti, na barakoa ikiwa kuna maua.
- Jembe dogo la palizi au sululu ndogo.
- Mifuko ya mbolea ambayo ndani bado ina nailoni yake. Mfuko wa salfeti mtupu wenye matundu unavujisha mbegu njia nzima.
- Brashi ngumu, kijiti cha kuchokolea tope, ndoo ya maji na sabuni.
- Matandazo (majani makavu yasiyo na mbegu, maganda ya mpunga, mabua) au mbegu za kitu utakachopanda mahali utakapong'oa.
- Daftari au simu ya kuandikia tarehe.

Mtu mwenye pumu, mwenye ngozi inayowasha ovyo, na watoto, wasishiriki. Nalisema hili kabla ya hatua yoyote kwa sababu gugu hili huchubua ngozi, huvimbisha macho na huamsha pumu, na tabia yake ni ya hila: unaweza kulishika mara nyingi bila kudhurika, kisha mwili ukaanza kulikataa. Ukishafika hapo, kila mguso ni upele. Kwa hiyo anayejigamba "mimi nalishika kila siku" ndiye wa kwanza kuvishwa glovu.

Hatua za kazi

1. Zunguka kabla ya kugusa kitu. Tembea eneo lote ukiwa mikono mitupu. Usianzie katikati ya bustani. Anzia mahali ambapo vitu huingilia: getini, gari linapogeuzia, kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, rundo la samadi, nyuma ya banda la ng'ombe, jalalani, chini ya bomba linalovuja, ukingoni mwa mfereji. Weka alama kwa kijiti kila unapoliona. Mara nyingi utakuta kuna kundi moja kubwa, na vishina vya peke yake vimetawanyika. Hivyo vya peke yake ndivyo vyenye haraka zaidi, japo macho yote yanavutwa na lile kundi.

2. Chagua siku. Siku moja au mbili baada ya mvua, ardhi ikiwa laini lakini haijawa tope la kunata. Ardhi kavu hukata mzizi. Tope hubeba mbegu kwenye viatu. Kama kiangazi kimebana na gugu linakaribia kutoa maua, mwagilia jioni, ung'oe asubuhi. Kazi ya asubuhi ina faida nyingine: umande bado upo na vumbi la maua halipeperuki sana.

3. Anza pasafi, ishia pachafu. Ng'oa kwanza vishina vya pembeni, kisha ulisogelee kundi kubwa. Kwenye mteremko anzia juu, kwa sababu maji yatashusha mbegu zilizo juu hata ukisafisha chini namna gani. Ukianzia kwenye kundi kubwa halafu ukazunguka bustani na viatu vile vile, unapanda.

4. Shughulikia yenye maua kabla ya yote mengine ndani ya kundi. Usiyang'oe kwanza. Vuta mfuko juu ya kichwa cha mmea, uuinamishe taratibu hadi matawi yote yameingia, kisha kata shina au ling'oe likiwa tayari ndani. Ukilivuta kwa nguvu bila mfuko utasikia kama mchele unamwagika majanini, na kazi ya miaka miwili umeimwaga hapo.

5. Ng'oa na mzizi wake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usishike juu ya shina. Inama, ingiza vidole hadi mahali shina linapokutana na udongo, shika hapo, tikisa kushoto na kulia mpaka usikie udongo umelegea, ndipo uvute wima. Utatoka mzizi mkuu mmoja mweupe wenye nywele pembeni. Ukikatikia chini tu ya usawa wa udongo na kichwa cha mzizi kikabaki, huchipua tena, na safari hii linatoa machipukizi matatu pale palipokuwa na moja. Kwa hiyo ukikatika, chukua sululu umalizie. Kung'uta udongo wa mizizini palepale, usiuhamishe. Miche midogo isiyofika kidole haina haja ya kuinamiwa. Ikwangue kwa jembe jua likiwa kali, itakauka hapo hapo.

   *Angalizo kuhusu kufyeka.* Kwanja na mashine ya kukatia majani huonekana zinafanya kazi haraka, lakini gugu lililofyekwa huchipua kutoka chini na kutoa maua likiwa fupi, chini ya urefu wa kwanja. Mwezi mmoja baadaye una zulia la maua ambalo huwezi tena kulifyeka. Fyeka tu kama eneo ni kubwa mno, mvua imekuzidi kasi, na unajua utarudi ndani ya wiki mbili kung'oa.

   *Angalizo kuhusu kulima.* Kulima eneo lenye gugu ambalo limeshamwaga mbegu ni kuziweka mbegu ghalani. Zile zinazobaki juu ya ardhi huliwa, huoza au huota mapema ukazing'oa. Zinazofukiwa ndizo zinazokaa miaka.

6. Teketeza, usitupe. Yasiyo na ua wala tumba yanaweza kulazwa juani mizizi ikitazama juu hadi yakauke kabisa, kisha yakaingia kwenye mboji. Yenye maua hayaingii kwenye mboji, hayapewi mifugo, hayatupwi korongoni, hayaachwi kandokando ya barabara yasubiri gari la taka. Ua likishafunguka, mmea uliong'olewa na kulazwa chini unaweza kuendelea kukomaza mbegu. Yaache ndani ya mfuko uliofungwa, juani, hadi yakauke, kisha yachome ndani ya shimo. Upepo ukupe mgongo, watu wasiwe upande wa moshi. Yakishaungua chokoa majivu: vichwa vya maua vilivyo katikati ya furushi mara nyingi hubaki vizima. Chochea tena, kisha fukia shimo kwa udongo wa kina cha mkono, na usilichimbe kupanda mgomba.

   Kiangazi kikali, au kama uko ukingoni mwa msitu, usiwashe moto kabisa. Funga mifuko, iweke mahali pakavu, usubiri mvua.

7. Jisafishe kabla hujatoka eneo la kazi. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kama gugu litabaki kwako au litasafiri. Simama pale pale ulipong'olea. Chokoa tope kwenye soli za gambuti, pitisha brashi kwenye pindo za suruali, geuza mifuko ya suruali nje, kung'uta glovu. Suuza jembe na sululu. Nguo zifuliwe peke yake, si pamoja na za watoto. Kama uliingia na pikipiki, toroli au gari, safisha tairi na madigadi papo hapo. Kwa mwenye gari la kazi, chagua sehemu moja tu ya kuoshea, yenye sakafu au kokoto, mbali na mfereji, na uipitie kila wiki tatu kwa sababu lazima kitu kitaota pale. Ni afadhali kiote mahali unapopajua.

8. Usiache ardhi wazi. Gugu karoti hupenda ardhi iliyokwanguliwa: kiwanja kilichosawazishwa, kando ya barabara mpya, malisho yaliyochakazwa na ng'ombe. Likikuta nyasi zilizofunga au zao lililotanda, huhangaika. Siku ile ile ya kung'oa tandaza matandazo mazito, au panda. Kwa eneo la shamba, ngwara na kunde hufunga ardhi haraka. Kwa ua wa nyumbani, ukoka utakaa. Ukingoni mwa malisho, punguza ng'ombe hadi nyasi zirudi, kwa kuwa ng'ombe hulikwepa gugu na kumaliza nyasi, maana yake wanakupalilizia kinyume. Na wakibanwa na njaa wakalila, maziwa huwa machungu.

9. Rudi baada ya wiki tatu. Andika tarehe leo, na tarehe ya kurudi. Utakuta miche mipya mingi, pengine mingi kuliko mwanzo. Hiyo si dalili ya kushindwa. Ni mbegu zilizokuwa udongoni zimeona jua. Kwangua, nenda zako, rudi tena. Msimu wa masika na wa vuli ndiyo kazi kubwa, ila panapomwagiliwa huota mwaka mzima, kwa hiyo bustani ya mboga haina likizo. Usihesabu eneo kuwa limepona mpaka ipite misimu kadhaa ya mvua bila ua hata moja.

10. Funga milango. Kung'oa ndani huku unaingiza nje ni kuteka maji kwa pakacha. Milango ni michache, na unaijua:

   - *Majani ya ng'ombe.* Wafugaji wa ndani wengi hununua mzigo wa majani yaliyokatwa kando ya barabara. Fungua mzigo juu ya sakafu, kabla ya kumpa ng'ombe, uchambue. Ukikuta maua meupe, mwambie muuzaji abadilishe anapokata. Wengi hawajui, na hawapendi kupoteza mteja.
   - *Samadi.* Uliza ilikotoka. Ilundike miezi kadhaa ikiwa imefunikwa, uigeuze ipate moto hadi katikati, na ung'oe kila kinachoota juu ya rundo.
   - *Mchanga, kifusi na moramu.* Nenda uangalie machimbo kama unaweza. Usipoweza, mwaga mzigo sehemu moja, usiusambaze siku hiyo hiyo, usubiri mvua moja uone kinachoota.
   - *Miche ya kununua.* Angalia juu ya udongo wa kila kiriba. Mche wa parachichi wa bei nzuri mara nyingi huja na abiria.
   - *Trekta la kukodi.* Dereva ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Malipo yasitoke mpaka jembe na tairi vimekwanguliwa kabla ya kuingia kwako, na siyo baada.
   - *Mifugo iliyotoka mnadani.* Iweke kwenye zizi dogo siku mbili tatu kabla ya kuichanganya, tope la kwatoni lianguke mahali pamoja.

Ukitoka nje ya uzio

Mwisho wa shamba si mwisho wa kazi kama nyuma yako kuna korongo, mto au msitu. Mbegu hufuata maji na njia ya miguu. Safisha mkanda wa mita kadhaa kila upande wa njia ya kuingilia msituni, na kingo za mfereji kuanzia kwako kushuka chini. Wanaoenda kuokota kuni au kufuata mizinga wapite hapo viatu vikiwa vikavu na safi. Vikundi vya wapanda mlima na wageni wa utalii vivyo hivyo: brashi moja iliyofungwa kwa kamba kwenye lango la kuingilia njia inafanya kazi kubwa kuliko bango.

Ndani ya hifadhi yenyewe usiingie na jembe kwa nia njema. Kuna sheria, kuna wanyama, na kuna uwezekano wa kung'oa mmea wa asili ukidhani ni adui. Ripoti kwa askari wa hifadhi, au kwa wakala wa misitu kama ni msitu wa akiba. Wakiandaa siku ya kung'oa, nenda.

Dawa ya magugu, kwa ufupi

Watu huuliza dawa kabla hawajauliza kitu kingine chochote. Maoni yangu: kwa bustani na shamba dogo huihitaji. Dawa hufanya kazi vizuri likiwa bado limelala chini halijainua shina. Likishatoa maua unamwagilia pesa, maana linaweza kukauka na mbegu zikaendelea kukomaa. Glifosati huua na nyasi ulizotaka zibaki, na ardhi ikibaki wazi gugu ndilo la kwanza kurudi. Isitoshe, katika baadhi ya nchi limeshaizoea. Kama eneo lako ni kubwa na umeamua kupulizia, nunua dawa iliyosajiliwa, dukani kwenye risiti, soma lebo, fuata kipimo, na usipulizie karibu na mfereji wala mzinga wa nyuki. Tanzania usajili uko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye makao makuu Arusha, na duka la pembejeo makini litakuonyesha namba ya usajili bila kununa.

Mimea mingine ya kuitazama kwa jicho hilo hilo

Gugu karoti lilijileta. Mengine tuliyapanda wenyewe, tena kwa mapenzi, ndiyo maana ni magumu kuyakana.

Lantana ni mfano. Maua yake mazuri, ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, yalipandwa kama ua wa nyumba. Ndege wakala vitunda vyake vyeusi na kuvipeleka msituni, na mifugo inayokula majani yake hudhurika. Kuikata hakutoshi, huchipua kwenye kisiki. Chimba shina na mizizi, na uifanye kabla vitunda havijaiva. Ukitaka ua wa mimea, weka masale. Wachaga wamepakana nayo vizazi na vizazi, hushika kwa kipande tu, na hukaa pale ulipoyapanda.

Mpungate hautupwi. Kila kipande kikigusa ardhi kinatoa mizizi, na Laikipia wanajua ulivyofunga malisho yao. Vikate, uvifukie kirefu au uvianike juu ya bati hadi vikauke kabisa.

Gugu maji lisiwekwe kwenye dimbwi la bustani hata kama ua lake la zambarau linapendeza. Mvua kubwa moja, dimbwi linafurika, na lililokuwa pambo linaelekea mtoni. Ziwa Victoria linatosha kuwa somo.

Mathenge ni mti wa miiba, na watu wa Baringo na Garissa, Kenya, wanaujua kuliko mimi. Uliletwa kuzuia jangwa, ukaziba malisho. Wakazi wa Baringo walikwenda mahakamani, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake akaletwa kama ushahidi. Ukiukata, kata chini ya usawa wa udongo, vinginevyo unapogoa tu. Maganda yakipewa mifugo yasagwe kwanza, mbegu zisipite nzima tumboni.

Senna spectabilis, mti wa maua ya njano unaofanana na mjohoro, ulikuwa mti wa vijijini Mahale kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1985. Watu walihama, mti ukabaki ukaenea, na imebidi kuukata na kuubandua gamba kuzunguka shina ili ufe umesimama. Kwa hiyo kabla ya kupanda mti wa kivuli unaokua haraka karibu na msitu, uliza kwanza unazaaje.

Matatizo na majibu yake

*Nimeng'oa lote na limerudi mara mbili.* Ni mbegu za ardhini, soma hatua ya 9. Ila kama linarudi likiwa na shina nene na machipukizi kadhaa kutoka sehemu moja, hilo si jipya, ulikata, hukung'oa.

*Linaota mstari mmoja ulionyooka.* Fuata mstari. Aidha ni njia ya maji au ni njia ya tairi. Chanzo kiko upande wa juu, na kuking'oa hicho kutakuokolea nusu ya kazi.

*Eneo ni kubwa, niko peke yangu.* Achana na kundi kubwa kwa sasa. Ng'oa vishina vya pembeni, safisha mkanda kulizunguka kundi, kata vichwa vya maua na kuvifunga mifukoni, basi. Mwaka huu unalizuia lisikue. Mwakani unalipunguza kuanzia ukingoni.

*Nimesikia chumvi inaliua.* Inaliua, pamoja na kila utakachopanda baadaye. Chumvi haipaliliwi ikatoka. Iache jikoni.

*Kuna mdudu anayelila, nimpate wapi?* Yupo mbawakavu wa asili ya Mexico, Zygogramma bicolorata, ambaye Australia na India wamemtumia tangu miaka ya 1980. Hula majani, hudhoofisha, haumalizi mmea. Kuingiza mdudu nchini ni kazi ya taasisi za serikali baada ya majaribio. Usimbebe kwenye kopo kutoka popote.

*Mikono imeanza kuwasha.* Acha kazi, osha kwa sabuni na maji mengi, badili nguo, usijikune wala usiguse macho. Ukipata malengelenge, uso kuvimba au kifua kubana, nenda zahanati na utaje ulichokuwa unashika. Usirudi kwenye kazi hiyo. Mpe mwingine, wewe shika daftari.

*Wanangu huyachuma kupamba meza.* Waonyeshe ua jingine. Na maji ya chombo kile yasimwagwe bustanini.

*Jirani hang'oi.* Mpelekee mmea ndani ya mfuko, umwonyeshe, umwambie kuhusu maziwa na kifua kabla ya kumwambia kuhusu msitu. Akikubali, panga naye siku moja, maana kung'oa pande mbili kwa wiki tofauti hakusaidii sana. Akikataa, panda ngwara nene au nyasi ndefu mpakani, pitia mpaka huo kila wiki mbili badala ya tatu, na upeleke suala kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji likiwa bado ni la majani, kabla halijawa la mpaka.

*Nimeliona ndani ya hifadhi nikiwa matembezini.* Usiling'oe ukalibeba mkononi hadi langoni, utalimwaga njia nzima. Piga picha ya karibu na ya mbali, hifadhi pointi kwenye ramani ya simu, kwangua viatu papo hapo, na umwonyeshe askari wa lango siku hiyo hiyo. Mwambie pia kama lilikuwa na maua au la, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomwambia kama ana wiki tatu au hana hata moja.